Chagua Pasipoti Kabla ya Kuzaliwa: Mwongozo wa Ticha wa Kiingereza Korea

Hatua ya kwanza kwa anayetaka kufundisha Kiingereza Korea Kusini ni kuzaliwa mahali panapofaa. Hatua hii haina njia ya mkato, kwa hiyo ishughulikie mapema. Viza ya walimu wa lugha, ile waiitayo E-2, wanapewa raia wa Marekani, Uingereza, Canada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Uganda haimo. Tanzania nayo haimo, ila Watanzania tusipaze sana sauti hapa, maana tunajijua.

Usianze kujieleza. Kwamba ulifundishwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza, kwamba shuleni ulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili wakati wa mapumziko, kwamba hadi leo ukigombana na benki unagombana kwa Kiingereza: hayo ni maisha yako binafsi na afisa uhamiaji hayamhusu. Yeye anataka pasipoti, hati ya polisi inayosema huna rekodi ya uhalifu, na shahada ya kwanza kutoka chuo cha nchi hizo. Shahada ya nini? Ya chochote. Aliyesomea ufugaji wa samaki anafaa. Aliyesomea densi anafaa. Aliyesomea kufundisha Kiingereza, Makerere, akaibuka na daraja la kwanza, anashukuriwa kwa kuonyesha nia.

Kama umeshazaliwa na ndiyo basi tena, kuna mlango wa mjomba. Koo nyingi za Mombasa, Bukavu au Bujumbura zina mjomba aliyehamia Minneapolis au Toronto miaka ile ya shida. Wanawe hujibu shikamoo kwa kusema "poa", lakini pasipoti zao zinakubalika. Hao ndio watakaokwenda Korea kufundisha watoto wa watu, na wewe utabaki kuwatumia maombi. Mlango mwingine ni wa miguu. Wilson Loyanae Erupe, mkimbiaji wa marathoni kutoka Turkana, alipewa uraia wa Korea mwaka 2018, akaitwa Oh Joo-han, na akaiwakilisha nchi hiyo katika marathoni ya Olimpiki ya Tokyo. Kwa hiyo Mkenya kuwa Mkorea inawezekana kabisa. Kuwa ticha wa Kiingereza, hapo tena tuwe na kiasi.

Kuanzia hapa nachukulia kwamba pasipoti unayo.

Sasa piga picha. Maombi ya kazi huambatanishwa na picha, na ingawa haihusiani na sarufi, ndiyo inayosomwa kwanza. Wapo walimu weusi wenye kila karatasi waliokuwa wanapigiwa simu na mawakala asubuhi na jioni, na picha ilipofika simu zikanyamaza. Yupo pia mtoto wa Wakorea aliyezaliwa Los Angeles, asiyejua kuota kwa lugha nyingine, ambaye wazazi wa wanafunzi wanamtazama kwa mashaka kwa sababu anafanana mno na wao. Kiingereza kina sura yake, na sura hiyo imekubaliwa bila kuandikwa popote. Vaa shati la kola, tabasamu, na omba Mungu mwanga wa studio uwe mkali.

Kisha chagua mwajiri. Waajiri ni wa aina mbili, na walio upande mmoja hujutia kutokwenda upande wa pili.

Hagwon ni tuisheni. Usifikirie ile ya uani kwa mwalimu wa hesabu, ubao mmoja na mabenchi mawili. Hii ina lifti, ina basi dogo la manjano linalozunguka mitaani kukusanya watoto, ina kamera darasani ili mama aone kinachoendelea, na iko ghorofa ya tano juu ya duka la kuku wa kukaanga. Mwaka 2024 familia za Korea zilitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya ziada ya watoto wa shule, na wanafunzi wanane katika kila kumi walikuwa wanayahudhuria. Mjini Seoul ilibidi mamlaka ziweke sheria kwamba hagwon zifunge saa nne usiku, na serikali ikafikia kutoa zawadi kwa raia anayechongea zile zinazofundisha kupita hapo. Tafakari kidogo jambo hilo: nchi ambayo wakaguzi wa usiku wanawinda watoto wanaosoma.

Katika mfumo huo wewe ni kivutio cha biashara. Mkurugenzi amekununulia tiketi ya ndege na kukupangia chumba, sura yako iko kwenye bango la mlangoni, na mzazi anapokuja kuulizia ada unaitwa utoke upunge mkono. Kama unajua kufundisha pia, hakuna atakayekuzuia.

Shule za serikali ndizo upande wa pili. Mpango wao wa kuajiri wageni, EPIK, ulianza mwaka 1995. Mkataba unasema saa 22 za kufundisha kwa wiki katika wiki ya kazi ya saa 40, na darasani hutakuwa peke yako. Utapewa mwalimu mwenza, Mkorea aliyepita kwenye mtihani wa ualimu unaowaangusha wengi, anayejua sarufi ya Kiingereza kuliko babu yako na babu wa babu yako. Yeye ndiye atakayefundisha. Wewe utasimama pembeni, na akikupa ishara utasema: "What color is it?" Watoto watarudia. Utasema tena. Watarudia tena. Ukishapata ujuzi wa kutosha katika hili, umekuwa redio yenye bima ya afya.

Shule zinapofungwa, wewe hufungi. Wanafunzi wameondoka, walimu wenzako wamekwenda kwenye semina au kwao, na mkataba wako unasema lazima uonekane kazini. Kwa hiyo mwezi Januari, nje nyuzi joto ziko chini ya sifuri, utakuja kila asubuhi kwenye jengo tupu lenye mlinzi na wewe, ukae kwenye meza yako hadi jioni. Wageni wamelalamikia kuotamia viti huku kuliko walivyolalamikia mshahara. Mtumishi yeyote wa umma kutoka kwetu angewashangaa. Kukaa ofisini bila kazi, ukalipwa, na heater iko miguuni? Watu wanahonga wapate hiyo.

Chumba utakachopewa kitakuwa kimoja, na ndani yake kutakuwa na kila kitu: kitanda, jiko, mashine ya kufulia, na mlango wa bafu uliogusana na friji. Sakafu hupashwa joto kwa chini, jambo ambalo ni ustaarabu mtupu na sina kejeli ya kulitolea. Bafu ndilo limeandikiwa mengi. Halina beseni la kuogea wala pazia. Choo, sinki na bomba la mvua viko pamoja, maji yanamwagika kotekote na kuishia kwenye tundu la katikati. Mmarekani akiliona mara ya kwanza anampigia mama yake simu. Mtu wa Tandale au Likoni anauliza ndoo iko wapi. Cha hatari humo ni swichi ndogo ya bomba inayohamisha maji kutoka sinki kwenda juu. Aliyeoga usiku akasahau kuirudisha, asubuhi akiinama kunawa mikono akiwa ameshavaa shati la kazini, anaogeshwa upya kuanzia kisogoni. Hakuna aliyekaa Korea akasema hili halijamtokea.

Ukifika kwenye takataka, ongeza umakini. Tangu 1995 taka hutupwa kwenye mifuko maalumu ya kununua, ya mtaa wako na si ya mtaa mwingine. Chupa kivyake, karatasi kivyake, plastiki kivyake, mabaki ya chakula kivyake, na mfupa wa kuku si mabaki ya chakula. Usijidanganye kwamba ukishuka saa saba za usiku hakuna atakayekuona. Mtaani kwako yuko mama wa makamo, nywele fupi za mawimbi, kofia pana ya kuzuia jua hata usiku, ambaye hajaajiriwa na mtu na anajua kila mfuko ni wa nani. Ataurudisha mlangoni kwako. Ukimwona, inama kidogo, msalimie, umpishe. Huyu anafanana sana na mama wa uswahilini kwetu anayekaa barazani, na dawa yao ni moja: heshima, na kutomjibu.

Darasani sasa. Watoto watakuita "Ticha", na jina lako halisi litabaki kwenye bango. Wao wamejichagulia majina ya Kiingereza, kwa hiyo utaita Elsa wanne na Iron Man mmoja, na Iron Man ndiye anayelia. Wataanza na mahojiano. Ticha una miaka mingapi? Ticha umeoa? Mbona hujaoa? Damu yako ni kundi gani? Hilo la mwisho si la hospitali. Wanataka kujua tabia yako, na ukisema B watatazamana. Mwalimu kutoka Manchester huhesabu maswali haya kuwa uvamizi. Mswahili aliyewahi kwenda kwenye arusi akiwa hana mume ameyajibu yote kabla ya pilau kuletwa, ukiondoa la damu.

Umri wanauuliza kwa sababu wanahitaji kujua wakuongeleshe vipi. Lugha yao inapanda na kushuka kulingana na nani mkubwa kwa nani, na hata mwaka mmoja unahesabika. Tangu Juni 2023 sheria zao zinahesabu umri kama dunia nzima inavyohesabu, badala ya ule utaratibu ambao mtoto alizaliwa ana mwaka mmoja tayari, lakini wewe taja tu mwaka uliozaliwa; hesabu watafanya wenyewe.

Kama nywele zako ni za kipilipili, zitaguswa. Ngozi pia itasuguliwa na kidole kidogo chenye udadisi wa kisayansi, kuona kama inatoka. Haitoki, mwonyeshe, kisha endelea na rangi za vitu vingine.

Na usiiname ukalipa darasa mgongo. Nasema hili kwa uzito wote. Watoto wa shule ya msingi wana mchezo unaoitwa dongchim: viganja vinaunganishwa, vidole vya shahada vinanyooshwa kama bastola, na shabaha ni makalio ya mtu mzima aliyejisahau. Hauna ubaguzi wa rangi wala wa pasipoti. Kalamu ikidondoka, iache. Shule itanunua nyingine.

Habari zote za kazi zitakufikia zikiwa zimebaki dakika tano. Leo hakuna vipindi, kuna mbio za magunia. Leo kuna kipindi, wazazi wamekaa nyuma ya darasa, na watoto wameshakariri majibu ya maswali ambayo wewe hujaambiwa utayauliza. Ukiugua, ugonjwa wako hauna nafasi kwenye ratiba: nenda kwa daktari, ambaye yuko jengo la pili na hana foleni, dungwa sindano ya takoni, rudi darasani kabla ya saa nane. Bei ya matibabu hayo itamshangaza Mmarekani kiasi cha kupona kabla dawa haijafanya kazi.

Jioni utaitwa kula. Hii ni hweshik, chakula cha pamoja cha wafanyakazi, na "utaitwa" ni neno la adabu, unakwenda. Kuna nyama ya nguruwe inayochomwa katikati ya meza na kuna soju katika chupa za kijani. Glasi yako hujazi mwenyewe. Unamjazia mkubwa wako, kwa mikono miwili au mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, naye anakujazia. Na ukinywa mbele ya mkubwa unageuza uso pembeni. Hugusi chakula kabla mkubwa hajagusa. Viatu vimebaki mlangoni. Vijana wa kutoka Cape Town na Calgary hupewa semina nzima ya mambo haya wakifika, yenye slaidi. Aliyelelewa na bibi Tanga anaona amerudi nyumbani, isipokuwa kuhusu nguruwe na pombe.

Kuhusu nguruwe na pombe, mbinu ipo. Kaa karibu na mwalimu mkuu, uwe wa kwanza kumjazia glasi kila inapofika nusu, na yako iwe na soda yao ya Chilsung Cider, ambayo kwa rangi huwezi kuitofautisha na soju. Mtu anayejazia wengine kwa bidii haulizwi anakunywa nini. Mboga za pembeni ni nyingi na hazina mwisho, ziombe tena. Ijumaa nenda Itaewon, ambako upo Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, na mteremko wake una migahawa ya halali itakayokusaidia kusahau wiki nzima. Ikifika sikukuu ya Chuseok, mwajiri atakupa zawadi kwenye boksi la kifahari lenye utepe. Ndani mna makopo ya Spam. Sijatania. Pokea kwa mikono miwili.

Kuna siku moja tu katika mwaka ambayo utaona Kiingereza cha Korea kwa ukubwa wake, na siku hiyo wewe hutahitajika. Ni Alhamisi moja ya Novemba, siku ya Suneung, mtihani wa kuingilia chuo kikuu. Maofisi hufungua kwa kuchelewa ili barabara ziwe wazi. Mwanafunzi aliyechelewa anapakiwa kwenye gari au pikipiki ya polisi. Na inapofika sehemu ya kusikiliza Kiingereza, kwa takriban dakika 35 hakuna ndege inayoruka wala kutua nchi nzima. Zilizo angani zinazungushwa huko huko juu mpaka sauti ya kwenye spika imalize kueleza kwamba bwana fulani amesahau mwavuli wake kwenye treni.

Karatasi yenyewe ni balaa. Waingereza waliopewa waijaribu wametoka jasho. Ile ya Novemba 2025 ilikuwa ngumu kiasi kwamba waliopata daraja la juu katika Kiingereza walizidi kidogo tu asilimia 3, na mwezi uliofuata mkuu wa taasisi inayotunga mtihani huo akajiuzulu. Hebu ona: kigogo aliyeachia ngazi kwa sababu ya ufahamu na nafasi za kujaza. Hiki ndicho Kiingereza ambacho wazazi wanakilipia, na kinafundishwa na Mkorea, kwa Kikorea, kwa kukariri. Mtu aliyekipata Kiingereza chake kwa kamusi iliyochanika na mwalimu mkali wa kidato cha tatu angeuelewa mtihani huu mara moja, maana ndivyo na yeye alivyokipata. Lakini tulishakubaliana, huyo pasipoti yake haifai. Wewe endelea na rangi.

Yapo mambo ya kisheria, nitayapitia haraka. Viza yako ni ya mwajiri mmoja. Kumfundisha mtoto wa jirani jioni kwa pesa ni kosa la kukupandisha ndege. Mkataba ukitimiza mwaka unapata kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja, na ndiyo maana mwezi wa kumi na moja ni wa hatari: kuna wakurugenzi ambao ghafla, wiki chache kabla mwaka haujatimia, hugundua kwamba ufundishaji wako una kasoro tangu siku ya kwanza. Mwezi huo usichelewe, usiugue, usicheke kwa sauti. Ukiondoka salama, Mmarekani, Mkanada na Mwaustralia hurudishiwa makato yao ya pensheni. Mwingereza harudishiwi. Kumbe hata ndani ya pasipoti nzuri kuna nzuri zaidi. Ungejua ungezaliwa Perth.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa huna hata moja kati ya pasipoti hizo saba, usikate tamaa. Kuna Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Lugha za Kigeni, na kule kwenye kampasi yake ya Yongin, kusini mwa Seoul, vijana wa Kikorea wanasomea Kiswahili. Kiswahili chenyewe, chenye ngeli zake zote. Hapo mtu wa Manchester hana la kusema, na pasipoti ya Kitanzania kwa mara ya kwanza inakuwa pasipoti nzuri. Peleka maombi. Ila ukitokea Nairobi, kabla hujapanda ndege kaa chini na kitabu cha sarufi walau wiki mbili. Hawa wamejifunza ngeli kwa bidii ileile ya Suneung, na ukiingia darasani ukasema "kitabu yangu imepotea," watainua mikono wote.